Kitabu cha Mapishi: Tununue au Tuache?

Kina mama wa kikundi kimoja walituletea kitabu cha mapishi ya kaseroli kutoka Marekani. Muuza vitabu vya mitumba alikuwa anangoja pesa, na pesa zenyewe ni za chama. Wakatuuliza, "Je, kitatufaa?" Hatukuwajibu papo hapo. Tuliketi nao tukakifungua.

Kaseroli ni chakula kinachopangwa katika bakuli moja zito, kama nyama, viazi na mboga, kikafunikwa na kuokwa polepole ndani ya oveni. Sisi watu wa githeri chungu kimoja si kigeni kwetu. Tofauti ni kwamba joto la oveni huzunguka chombo pande zote.

Kwanza, tazameni moto. Vitabu vya Marekani hutumia digrii za Farenhaiti. 350 ni kama 177 za Selsiasi. Asiye na oveni huweka makaa chini na juu ya kifuniko cha sufuria, lakini hawezi kupima digrii. Kitabu kizuri humpa pia dalili: mchuzi unatokota pembeni, kiazi kinapenyeka kwa uma.

Pili, viungo. Chagueni mapishi 10 bila kubagua, mhesabu yanayoweza kupikwa kwa vitu vya shamba na soko lenu. Yakiwa chini ya 5, kiacheni. Mengi ya Kimarekani hutegemea supu ya mkebe. Kampuni ya Campbell ilianza kuuza supu nzito ya uyoga mwaka 1934, na mwaka 1955 mfanyakazi wake Dorcas Reilly akabuni kaseroli ya mishiri yenye supu hiyo. Hapo kila pishi linakutuma dukani. Lakini siagi, unga wa ngano na maziwa hutoa mchuzi mzito bila mkebe.

Tatu, vipimo. Kikombe chao ni kama mililita 240, na pauni moja ni gramu 454. Kama kitabu hakielezi, andikeni wenyewe kwenye jalada.

Nne, na hii sio ya mchezo: someni wanavyopika maharagwe. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu ya kutapisha na kuharisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi katika maji mapya. Ndipo yaendelee polepole mpaka yaive, hata kama ni ndani ya kikapu cha kupikia bila moto. Kitabu kinachoruka hatua hiyo, msikilete nyumbani.

Kile cha kina mama kilipata mapishi 3 kati ya 10, na maharagwe yakiingia kwenye oveni bila kuchemshwa. Mwenye oveni na duka kubwa karibu angeweza kukitumia kwa tahadhari. Wao walikirudisha, wakanunua daftari, na sasa kila mkutano mama mmoja anaandika pishi lake humo pamoja na vipimo. Nanyi, kabla ya kufungua kibeti, fungueni kwanza kitabu.