Waya wa Tanga na bodaboda za Pemba

Asubuhi pale Machomanne, Chake Chake, siku ya dereva wa bodaboda huanza na mafuta. Mara nyingine hafiki hata sheli. Hununua kando ya barabara petroli iliyotiwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, akafungua tangi na kuimimina taratibu, mkono mmoja kwenye chupa, mwingine kwenye usukani pikipiki isiyumbe. Harufu humganda vidoleni mpaka mchana.

Mafuta yale yametoka mbali. Yamechimbwa na kusafishwa ng'ambo, yakaletwa na meli kubwa, yakateremshwa, yakapakiwa tena kwenye chombo kidogo hadi kisiwani. Gharama ya kila hatua imo ndani ya ile chupa. Meli ikichelewa, kisiwa kizima kinajua.

Umeme wa Pemba una njia fupi zaidi. Mwaka 2010, kwa msaada mkubwa wa Norway, ulizinduliwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka pwani ya Tanga, urefu wa kilomita zipatazo 78, msongo wa kilovolti 33, uwezo wa megawati 20. Kabla ya hapo tulikuwa tukiishi kwa majenereta ya dizeli. Pemba, basi, imeshawahi kuachana na dizeli majumbani na maofisini. Naamini kwa dhati kwamba sasa ni zamu ya barabarani, na kwamba pa kuanzia ni bodaboda.

Nianze na namna injini inavyotumia alichokinunua dereva. Lita moja ya petroli ina nishati ya uniti (kilowati-saa) 9 hivi, uniti zile zile unazonunua kwa TUKUZA, umeme wa kulipia kabla. Lakini injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya nishati hiyo kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto. Iguse ekzosi ya bodaboda iliyotoka kupanda mlima utaamini. Mota ya umeme hupeleka kwenye gurudumu zaidi ya asilimia 80 ya inachopokea. Ndiyo maana pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 100 kwa siku hula lita mbili na kitu, sawa na uniti kama 20, na ya umeme hukata masafa hayo hayo kwa uniti zisizozidi 4.

Hapo watu huniuliza swali la haki: waya wetu utahimili? Tupige hesabu. Chukua bodaboda 1,000, kila moja itumie uniti 4 kwa siku. Jumla ni uniti 4,000. Zikichajiwa kwa saa nane za usiku, wakati maofisi yamefungwa na pasi zimezimwa, mzigo wake ni kilowati 500, yaani nusu megawati. Ni sehemu moja ya arubaini ya uwezo wa waya ule. Upande wa pili wa mizani, bodaboda hizo hizo kwa siku 300 za kazi huunguza lita zaidi ya 600,000 za petroli. Sehemu kubwa ya fedha za lita hizo huvuka bahari kila mwaka na hairudi.

Kwa masafa nako Mungu ametujaalia. Kisiwa chetu hakifiki kilomita 70 kutoka kusini hadi kaskazini. Mkoani hadi Chake ni kama kilomita 30, Chake hadi Wete nako si mbali zaidi. Hofu inayowasumbua wenye magari ya umeme katika nchi kubwa, ya kukwama porini betri imekwisha, hapa ina dawa nyepesi: vituo vya kubadilishia betri Mkoani, Mtambile, Chake, Wete na Konde. Dereva anafika, anachomoa betri iliyokwisha, anatia iliyojaa, anaondoka. Vilima vyetu navyo, vinavyoichosha injini ndogo ya petroli ikiwa na abiria wawili na gunia la muhogo, havina tabu kubwa kwa mota, kwa kuwa nguvu yake ya kuzungusha ipo yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka.

Wapo wanaosema tufuate gesi, kama bajaji za Dar es Salaam. Gesi inaifaa Dar es Salaam kwa sababu bomba la kutoka Songo Songo linafika pale tangu 2004. Kwetu ingebidi ishindiliwe kwenye mitungi mizito ya chuma na kupandishwa melini, tukarudi kule kule kwa kusubiri chombo.

Majirani wameshatangulia. Kigali ilianza pikipiki za umeme za abiria mwaka 2019, na tangu Januari 2025 bodaboda mpya ya petroli haisajiliwi tena katika mji huo. Nairobi ilianza kuona mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo mwaka 2022. Daladala zetu zitafika huko, ila betri ya basi ni ghali na mzigo wake kwenye waya ni mkubwa. Tujifunze kwanza kwa magurudumu mawili.

Sasa niseme linaloninyima usingizi, nalo ni betri iliyokufa. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za risasi kiliwekwa ubavuni mwa nyumba za watu. Risasi iliingia kwenye udongo, kwenye maji na kwenye damu za watoto. Mwanamama Phyllis Omido alipigania haki ya wakaazi wale kwa miaka, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Pikipiki na bajaji za umeme za bei rahisi mara nyingi huja na betri za namna hiyo hiyo ya risasi. Zikimwagwa Pemba bila utaratibu, zitaishia kwenye mabonde ya mpunga na kwenye mikoko. Kisiwa hakina pa kuficha taka. Kwa hiyo betri ziwe za lithiamu, zibaki mali ya kampuni inayoziazima, na kila inayoingia bandarini iandikwe namba, itoke kwa namba hiyo hiyo ikishachoka.

La pili ni waya wenyewe, maana ni mmoja. Unguja, nayo ikitegemea waya wa chini ya bahari, ilikaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 baada ya hitilafu, na aliyekuwepo hajasahau. Vituo vya betri viwekewe paneli za jua juu ya paa. Hazitatosha kwa kila kitu, lakini bodaboda inayompeleka mzazi hospitali usiku isisimame.

Ombi langu kwa Shirika la Umeme Zanzibar, kwa mdhibiti wa huduma za nishati ZURA na kwa vyama vya madereva ni dogo. Anzeni na bodaboda 50 za umeme kati ya Chake na Wete, kwa mwaka mzima, zipite masika na kiangazi, matope na chumvi ya bahari. Andikeni uniti zilizotumika, siku zilizolala gereji, na fedha alizokwenda nazo dereva nyumbani. Kisha hesabu hizo zibandikwe sheli, pale pale dereva anapojaza mafuta, azisome mwenyewe.