Masafa ya rimoti ya redio

Masafa ya rimoti ya redio ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde ya mawimbi yanayopeleka amri kutoka rimoti hadi gari, boti au ndege ndogo isiyo na rubani. Hupimwa kwa hezi (Hz).

Vitu vingi vya kuchezea vya zamani hutumia MHz 27, ambapo wimbi moja lina urefu wa mita 11 hivi. Mawimbi marefu huzunguka vikwazo vizuri zaidi, lakini rimoti mbili zikiwa kwenye chaneli moja huingiliana, na chombo kinaweza kugonga au kuanguka.

Ndege nyuki nyingi za leo hutumia GHz 2.4. Wimbi lake ni sentimita 12.5, hivyo antena huwa fupi. Rimoti nyingi za aina hii hubadilisha chaneli mara kwa mara, kwa hiyo watu kadhaa wanaweza kurusha pamoja. Hata hivyo, Wi-Fi hutumia masafa hayohayo. GHz 5.8 hufaa kwa picha za video, ila huzuiwa zaidi na kuta na miti.

Kwenye uwanda wa kati wa Tanzania, mbuga za wazi nje ya Dodoma husaidia mawimbi kufika mbali. Lakini ndege ikipita nyuma ya kilima cha mawe, mawasiliano yanaweza kukatika. Kwa sababu hiyo, ndege nyuki nyingi hupangwa kurudi zenyewe, na kimo cha kurudi kinapaswa kuzidi vilima vya karibu.

Nchini Tanzania masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na urushaji na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).