Nani Anamwuliza Mtoto Wako?

Tuseme ni jioni ya likizo hapa Nyakahanga. Ndizi zimekwisha menywa, chungu ki motoni, na binti yako wa kidato cha pili ameketi mlangoni, simu yako mkononi. Mara anacheka peke yake. Baada ya kitambo uso unamwiva, na chakula hakitaki. Wamwuliza, "Kuna nini, mwanangu?" Naye ajibu, "Hakuna kitu, baba." Labda ni kweli. Lakini labda ameulizwa swali, au ametajwa katika jibu la mwingine, na wewe hukusikia hata neno moja.

Maswali ya namna hiyo siku hizi yana watu wanaoyatengeneza kwa biashara, kama seremala anavyotengeneza viti apate kuuza. Yafaa mzazi ajue kazi hiyo inavyokwenda.

Mwaka 2017, katika mji wa Oakland huko Marekani, Nikita Bier na wenzake wachache walitunga programu ya simu wakaiita tbh. Kampuni yao ilikuwa changa, na programu walizojaribu kwanza hazikuwafaa kitu. Hii ilikuwa ya wanafunzi. Mwanafunzi akiingia aliombwa kutaja shule yake, na kufungua majina na namba zote zilizomo simuni. Kisha aliletewa swali, mathalani: Ni nani awezaye kuwachekesha watu kuliko wote? Chini yake majina manne ya wenzake. Aligusa moja. Yule aliyechaguliwa alipata habari kwamba mvulana au msichana fulani amemchagua, lakini jina halikutajwa. Maswali yote yalikuwa ya kusifu. Ya kutukana hayakuruhusiwa.

Sasa sikia werevu wao. Walifungua ukurasa wa Instagram kwa ajili ya shule moja, wakaufunga kama mlango, wakaandika kwamba kuna jambo jipya laja kwa shule hiyo. Wanafunzi wakabisha hodi, hawakufunguliwa. Wakaachwa wangoje. Ilipofika saa kumi jioni, watoto wametoka darasani, mlango ukafunguliwa kwa wote mara moja. Hivyo wanafunzi wa shule moja wakaingia kwa kundi.

Kwa muda wa majuma tisa hivi, watu milioni 5 walikuwa wamekwisha ichukua programu ile. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Facebook wakainunua. Julai 2018 wakaifunga, maana watumiaji walikuwa wamepungua mno. Bwana Bier hakuchoka. Mwaka 2022 yeye na wenzake wakatoa nyingine, Gas, karibu sawa na ile ya kwanza. Humo, aliyetaka kudokezewa ni nani aliyemchagua alilipa karibu dola 7 kwa juma. Kampuni ya Discord iliinunua Januari 2023, ikaifunga Novemba mwaka huohuo.

Angalia basi ni kitu gani kilichouzwa pale. Ni hamu ya mtoto kujua nani anampenda. Hamu hiyo si dhambi. Hata sisi tulikuwa nayo tulipokuwa vijana. Lakini fikiri: kila jina moja linapoguswa, majina matatu yameachwa. Swali ni la sifa, lakini yuko mtoto anayengoja kila jioni, na sifa haiji.

Hapa tuseme kweli yote. Mwaka 2022 uvumi ulienea Marekani kwamba Gas yatumika kuteka watoto. Ulikuwa uongo mtupu, na watu wengi waliifuta kwa hofu. Mzazi asimwonye mtoto kwa uvumi, maana siku mtoto atakapougundua uongo, hatasadiki hata onyo la kweli. Na maonyo ya kweli yapo. Programu nyingine, NGL, ambayo kijana hupokea ujumbe usio na jina, ilishtakiwa na serikali ya Marekani kwamba ilitunga yenyewe ujumbe wa uongo, ikijifanya ni marafiki wa kijana. Julai 2024 wenyewe walikubali kulipa dola milioni 5, na kutowapa tena huduma hiyo walio chini ya miaka 18.

Utasema, "Marekani ni mbali." Ndiyo, lakini simu yako yafika huko kabla ya chungu kuchemka. Na namba zilizomo si zako peke yako: mna ya katekista, ya mwenyekiti wa kitongoji, ya shangazi. Ndiyo maana Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Je, basi, vijana wasiulizwe kitu? Hapana! Ukipita Murongo na kuvuka mto Kagera, uko Uganda. Huko, mwaka 2011, UNICEF ilianzisha U-Report. Kijana hujiunga kwa ujumbe mfupi wa simu, hata ya vitufe, bila kulipa. Huulizwa juu ya shule, maji, afya. Majibu hujumlishwa, hurudishwa kwa vijana wenyewe, na wabunge pia waliyapata. Mnyauko wa migomba ulipokuwa ukiteketeza mashamba, ugonjwa ambao sisi wa Kagera twaujua kwa machungu yetu, njia hiyohiyo ilitumika kuuliza ni wapi umeingia na kufundisha namna ya kuukomesha. Kwa siku 5 mafundisho yaliwafikia watu kiasi cha 190,000.

Waona tofauti? Simu ni ileile, na kijana ni yuleyule. Upande mmoja aliulizwa ili atamani kujua zaidi na kulipa. Upande wa pili aliulizwa kwa sababu jibu lake lilihitajiwa, na mgomba wa jirani ukapona.

Kwa hiyo, mzazi, usinyang'anye simu kwa hasira. Keti na mwanao, mtazame pamoja mambo matatu. Kwanza: ni nani anayeuliza? Pili: jibu letu laenda wapi, na jina la nani limo ndani yake? Tatu: nani anapata faida? Pasipojulikana, msiguse.

Tena liko la nne, nalo latuhusu sisi wenyewe. Mtoto humjibu mgeni upesi kwa sababu mgeni amemwuliza. Sisi humwagiza maji, humwagiza kuni, humwuliza alama za mtihani, basi. Leo, chungu kikiepuliwa, mwulize mwanao yeye aonaje juu ya jambo moja la nyumba yenu: shamba, ada, au mgonjwa wenu. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.