Walarasi na Asili ya Majina Yake

Walarasi ni mamalia mkubwa wa bahari za Aktiki, jamaa wa sili, ambaye dume hufikia uzito wa zaidi ya kilo 1,000 na ambaye majina yake yana asili mbalimbali. Baharia Ohthere wa Norwei, aliyempelekea Mfalme Alfred wa Wessex pembe za walarasi katika karne ya 9, ameandikwa katika Kiingereza cha kale akimwita mnyama huyo horshwæl, yaani "farasi-nyangumi". Jina walrus lilikuja baadaye kutoka Kiholanzi, na asili yake ina utata kiasi kwamba mwandishi J.R.R. Tolkien, alipokuwa msaidizi wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford mwaka 1919 na 1920, aliyaandika upya maelezo yake mara kadhaa.

Wanasayansi humwita Odobenus rosmarus, na sehemu ya kwanza ya jina hilo ni Kigiriki chenye maana ya "anayetembea kwa meno". Jina hilo linamstahili kwa kiasi fulani, kwa kuwa pembe zake ni meno ya chonge ya taya la juu, nazo humsaidia kujivuta juu ya barafu na kupigana. Lakini hazichimbi chakula, kama ilivyodhaniwa zamani. Kazi hiyo hufanywa na masharubu magumu yapatayo 400 hadi 700, yanayopapasa matope gizani hadi yaguse chaza na kombe, kisha walarasi hubana midomo juu ya gamba na kurudisha ulimi nyuma kwa nguvu, hata nyama ikanyonywa na gamba likabaki tupu.

Nyama ya walarasi mwenyewe ni chakula cha thamani kwa Wainuit, ambao humwita aiviq, lakini inaweza kubeba Trichinella nativa, mnyoo mdogo ambaye lava wake hujificha katika misuli na hawafi kwa kugandishwa. Anayeila mbichi akiambukizwa hupata homa, uvimbe wa uso na maumivu ya misuli. Kupika hadi nyama iive kabisa huwaua lava hao. Na huko Nunavik, kaskazini mwa Quebec nchini Kanada, wawindaji hupeleka kipande cha ulimi wa walarasi maabara kikapimwe kabla nyama haijagawiwa ili iliwe mbichi.