Mkono Mmoja Haulei Mwana: Malezi ya Mtoto wa Bweni

Kila Januari stendi za mabasi za Tanzania hujaa watoto wenye tranka. Ni wanaoanza kidato cha kwanza katika shule za bweni. Juu ya tranka limeandikwa jina kwa rangi nyeupe, na kando yake kuna godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba, ndoo yenye mfuniko, fagio la chelewa, jembe lenye mpini na rimu ya karatasi. Vyote vimetajwa kwenye fomu ya kujiunga, na ukoo umevichangia: shangazi kanunua mashuka, mjomba katoa nauli, bibi kakaanga karanga. Jana yake usiku mtoto alikalishwa mkekani, wakubwa wakamwambia: "Mwanangu, huko uendako hakuna anayetujua. Watatujua kwa mwenendo wako."

Kumtoa mtoto nyumbani ili akafunzwe utu ni jambo la kale kwetu. Kusini mwa Tanzania, kwa Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua, vijana walipelekwa jandoni baada ya mavuno, wakati ghala zina chakula. Walikaa kumbini mbali na kijiji, chini ya makungwi waliowafundisha kwa nyimbo na mafumbo: namna ya kumsalimu mkubwa, kuvumilia maumivu, kutunza siri, kuheshimu wazazi na wakwe. Wasichana nao walifundwa kwenye unyago na somo zao.

Lakini mzazi hakukaa kando akisubiri mwanawe arudishwe akiwa mtu mzima. Mama alipika chakula kila siku kikapelekwa kumbini, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kukanyaga. Katika jamii nyingi za kusini baba na mama walikuwa na miiko yao kwa muda wote huo. Walitakiwa hata kulala kando, kwa imani kwamba wakikiuka, kidonda cha mtoto hakitapona. Unaweza usiikubali imani hiyo, na zipo desturi za jando na unyago ambazo tumefanya vyema kuziacha. Fundisho lake, hata hivyo, lina uzito: mtoto anapofunzwa, mzazi naye yuko mafunzoni. Siku ya kutoka, ukoo mzima ulikwenda kuwapokea vijana kwa ngoma, na kuanzia hapo kila mtu mzima kijijini aliwadai adabu waliyofunzwa.

Shule za bweni zilikuja na mpangilio mwingine. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ililenga kwanza watoto wa machifu, ili serikali ya kikoloni ipate watawala wasaidizi. Mwalimu Nyerere aliipitia. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alitoka Butiama kwenda kusoma Mwisenge, Musoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 40, na mwaka 1937 akaingia Tabora. Baada ya uhuru bweni lilipewa kazi mpya ya kujenga taifa. Mtoto wa Kagera angeweza kupangiwa Songea, wa Mtwara naye akapangiwa huko huko, wote wakalala chumba kimoja na kuzungumza Kiswahili. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na mwanafunzi asijione yuko juu ya mkulima aliyemsomesha. Jembe lililofungwa pamoja na godoro lina historia hiyo.

Humo bwenini kuna mila kamili. Kengele hulia kabla jua halijachomoza. Kitanda kinatandikwa, kisha kila mmoja anakwenda kwenye eneo lake la usafi: huyu anafagia uwanja, yule anadeki bweni, mwingine yuko zamu ya choo. Mchakamchaka unafuata, halafu paredi, ambako mwalimu wa zamu anakagua kucha, nywele na kola. Uji hupangiwa foleni, na mchana ni ugali na maharage au makande. Usiku ni kujisomea, kiranja akizunguka, mpaka taa zizimwe. Mtoto aliyekuwa akioga maji ya mapipa nyumbani anajifunza kuoga kwa ndoo moja na kumbakizia mwenzake. Mngoni na Mhehe wanarithi utani wa babu zao, na matusi ambayo kwingine yangezua ugomvi yanaishia kwenye kicheko. Tabia hujengwa zaidi hapo kuliko kwenye somo lolote la darasani, kwa sababu inatendwa kila siku mbele za watu.

Humo humo pia tabia huweza kuharibika. Njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, hutumwa maji na kufulishwa nguo za wakubwa mpaka anachelewa darasani. Wengine hupigwa gizani na kuambiwa wanyamaze. Wapo wanaojifunza kuiba sabuni kwa kuwa yao iliibwa. Matroni mmoja na mwalimu wa zamu wanaotazama mamia ya watoto hawawezi kuona kila chozi. Atakayetambua ni yule aliyemjua mtoto kabla ya bweni: mama anayesikia kwenye simu kwamba sauti imepungua, au baba anayeona siku ya kutembelea kwamba kijana aliyependa kusimulia sasa anajibu kwa neno moja.

Kwa hiyo nasikitika ninapoona wazazi waliojiuzulu. Mmoja analipa michango, anafunga tranka, na kumaliza. Kikao cha wazazi kikiitishwa anamtuma dereva. Mwingine anakuja siku ya kutembelea na kuku, chipsi na pesa nyingi kuliko mtoto anavyohitaji, ananunua tabasamu la saa tatu kisha anaondoka bila kuuliza lolote kuhusu mwenendo. Wa tatu anafika shuleni kwa hasira kumtetea mtoto aliyeadhibiwa kabla hajasikia kosa. Likizo nayo inabomoa kilichojengwa: kijana aliyekuwa akifuata ratiba yake kwa kengele anageuzwa mgeni nyumbani, analala hadi saa nne, dada wa kazi anamfulia, na mezani hatamki hata asante.

Kuna njia nyingine, na haihitaji utajiri. Zipo familia zinazokwenda kutembelea na chakula cha meza nzima, ili yule ambaye wazazi wake wako mbali naye ale na aitwe mwanangu. Zipo zinazomwomba mwalimu mlezi namba yake ya simu na kumpigia hata pasipo tatizo, kumuuliza mtoto anaishije na wenzake. Zipo zinazosoma kwenye ripoti safu ya tabia kabla ya safu ya alama. Likizo ikifika, mtoto anakabidhiwa kazi: apeleke ng'ombe malishoni, asimamie duka jioni, amfundishe mdogo wake kuandika, akamsalimie babu na kukaa naye. Shule nayo ina wajibu. Kikao kinachoanza na kuishia kwenye michango na matokeo ya mtihani kinawafukuza wazazi polepole. Kinachowaita wazungumzie uonevu, uaminifu na lugha ya watoto wao kinawarudisha, na kiranja akijua kwamba mzazi wa njuka anafahamika kwa mwalimu, mkono wake unasita.

Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa madarasa ya awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba watoto wadogo kiasi hicho wanahitaji malezi ya familia na jamii yao. Uamuzi ule naukubali. Mtoto wa miaka sita hana bado cha kwenda nacho bwenini. Adabu, imani na lugha ya kwao vinatiwa kwanza na wale wanaomlisha. Lakini hata anayekwenda akiwa na miaka 14 hajamaliza kulelewa. Mwalimu anaweza kumfundisha kuamka mapema, kushika zamu na kusema kweli mbele ya wenzake. Kwa nini ajali kuyafanya hayo hata asipoonwa, hilo analipata kwa watu ambao anaona haya kuwaaibisha na furaha kuwapendeza. Watu hao ni sisi, na tunapaswa kufika.