Gitaa Linapokaa Kimya au Kuvuma: Kutafuta Kasoro za Umeme Katika Chombo cha Kujitengenezea

Gitaa la umeme laweza kuundwa kwa mbao, nyuzi za chuma, sumaku na waya mwembamba wa shaba. Fundi seremala na fundi redio wa Tukuyu wakishirikiana hawashindwi na kazi hiyo. Ugumu huanza chombo kikishaunganishwa na amplifaya: ama hakitoi sauti kabisa, ama hutoa mvumo mzito unaoufunika muziki. Hapo wengi hulehemu upya kila kiungo, na kasoro moja huzaa tatu. Haifai kufanya hivyo. Umeme wa gitaa hupita katika njia moja, kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye plagi, na kila kasoro iliyo njiani huacha dalili yake.

Kiini cha chombo hiki ni kinasa mtetemo, yaani sumaku iliyozungushiwa koili ya waya na kuwekwa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma utetemekapo hubadilisha nguvu za sumaku zipitazo ndani ya koili, na mabadiliko hayo huzalisha msukumo wa umeme, kama alivyoonyesha Michael Faraday mwaka 1831. Miaka 100 baadaye, huko Marekani, George Beauchamp aliitumia kanuni hiyo katika gitaa. Mjini Kinshasa, bendi ya Konono No. 1 ya Mawangu Mingiedi ilijulikana duniani katika miaka ya 2000 kwa kupaza sauti ya likembe kwa vinasa vilivyoundwa kwa vipuri vya magari makuukuu. Nyuzi zilizofumuliwa kutoka katika waya wa breki ya baiskeli zafaa, kwa kuwa ni chuma. Uzi wa nailoni, hata ukipigwa kwa nguvu, haumsumbui sumaku hata kidogo.

Gitaa likikaa kimya, jambo la kwanza ni kubadilisha waya uendao kwenye amplifaya, maana ndio ukunjwao na kukanyagwa kila siku. Kisha njia igawanywe katikati. Kinasa kiunganishwe moja kwa moja na tundu la plagi, bila kupitia kikuzaji cha awali, yaani sakiti ndogo ya betri inayoikuza sauti ndani ya gitaa. Bisibisi ndogo yenye mpini wa plastiki ikigongwa taratibu juu ya sumaku, spika yapasa kutoa mlio wa “to”. Mlio ukisikika, hata kama ni dhaifu, kinasa ni kizima na kasoro imo katika kikuzaji. Usiposikika, kinasa chenyewe kipimwe kwa mita ya maabara ya shule.

Waya utumiwao na watengenezaji wengi una unene wa kiasi cha milimita 0.06, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, nao huzungushwa mara 7,000 hadi 8,000. Koili ya namna hiyo huwa na ukinzani wa kiasi cha omu 6,000 hadi 8,000. Mita isipoonyesha mkondo wowote, waya umekatika, na mara nyingi umekatika pale mwanzoni au mwishoni ulipolehemiwa kwenye waya mnene. Mita ikionyesha nusu tu ya kile kilichotarajiwa, mizunguko imegusana mahali ambapo vanishi imekwanguka. Koili hiyo haina budi kusukwa upya.

Kikuzaji cha awali hupimwa kikiwa kimewashwa. Betri ya volti 9 iliyochakaa hukwaruza sauti kabla ya kuizima, kwa hiyo ipimwe kwanza. Katika sakiti nyingi za transista moja ya silikoni, kolekta huwa na nusu hivi ya volti za betri, na tofauti kati ya besi na emita ni volti 0.6 au 0.7. Kolekta ikiwa na volti zote 9, transista haipitishi umeme. Ikikaribia sifuri, imefunguka kupita kiasi, na rezista za besi zikaguliwe.

Mvumo nao husema. Umeme wa gridi ya Tanzania hubadilika mara 50 kwa sekunde. Mpigaji abonyeze uzi mnene kabisa, uliotuniwa sauti ya E, kwenye kizuizi cha 3: sauti hiyo ina mitetemo 98 kwa sekunde. Mvumo ukilingana nayo, yaelekea unatoka katika kapasita za kusafishia umeme ndani ya amplifaya, na hiyo ni kazi ya fundi, kwani kapasita hizo huweza kubaki na umeme hata plagi ikichomolewa. Mvumo ukiwa chini zaidi, oktavu moja kamili, huo unaingia kupitia koili au waya wa ardhi uliolegea. Tundu la kinasa livikwe karatasi ya alumini iliyounganishwa na waya wa ardhi kwa skrubu, kwa sababu alumini haikubali lehemu ya kawaida.

Rungwe ina adui wa ziada. Mvua yake huzidi milimita 2,000 kwa mwaka sehemu nyingi, na unyevu hupenya ndani ya koili, ukaozesha viungo na kuleta kutu. Dawa yake ni nta ya nyuki iliyochanganywa na nta ya mishumaa, iyeyushwe katika kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana nta hushika moto. Kinasa kizamishwe mpaka vipovu vikome.

Unyevu huo huo huleta hatari kubwa zaidi. Nyuzi za gitaa zimeungwa na waya wa ardhi wa amplifaya. Amplifaya ikiwa na kasoro, au soketi ikiwa haina ardhi, mpigaji aliyesimama juu ya sakafu yenye maji amezishika volti 230. Tarehe 3 Mei 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyo na ardhi huku ameshika gitaa. Kwa hiyo kabla ya onyesho mita iwekwe kwenye volti za umeme geu, ncha moja iguse nyuzi na nyingine iguse maikrofoni, vidole vikiwa mbali na chuma. Mita ikionyesha makumi ya volti, amplifaya ichomolewe na isiguswe mpaka fundi umeme aikague pamoja na soketi.