Wiki Iliyopita Alikuwaje?



Ndugu wasomaji, mwaka juzi niliitwa nyumbani kwa shangazi yangu baada ya swala ya Magharibi. Mama huyu, ambaye umri wake umepita miaka 80, alikuwa akimwita mumewe aliyefariki zamani na kuokota hewani vitu ambavyo sisi hatukuviona. Alikuwa katika hali hiyo kwa siku mbili, mchana akitulia na usiku akizidi. Waliokuwapo walikuwa na kauli mbili: wengine walisema ni uzee, wengine walisema ni mashetani. Nami, kwa kuwa ndiye sheikh wa ukoo, nilitakiwa nisome. Nikasoma. Ukapita usiku wa tatu.

Asubuhi yake tulimpeleka hospitali. Muuguzi aliyetupokea alimtazama, akamshika mkono, kisha akatugeukia sisi: "Wiki iliyopita alikuwaje?" Tulisimama pale wanaume watatu, mwanawe wa kumzaa akiwa miongoni mwetu, na hapana aliyekuwa na jawabu. Aliyejibu ni mjukuu wake wa miaka 14, ambaye ndiye amjazaye jagi la maji. Alisema kwamba hadi Jumapili Bibi alikuwa akijipikia chai mwenyewe. Tangu Jumatatu maji ya jagi yanabaki. Na usiku anaamka mara nyingi kwenda msalani, akirudi analalamika kwamba kukojoa kunamchoma. Mkojo ukapimwa, ukaonekana una maambukizi, na mwili ulikuwa umepungukiwa na maji. Baada ya siku chache za dawa na dripu alinitambua, akaniuliza mbona nimekonda.

Kisomo hakikuwa kosa, wala sitaacha kuwasomea wagonjwa. Kosa langu ni kwamba nilikaa kando ya kitanda chake nikiwa na majibu tayari, nisiulize hata swali moja.

Swali la muuguzi yule ndilo msingi wa uuguzi wa wazee. Mzee hapimwi kwa idadi ya miaka yake. Hupimwa kwa yale ayawezayo leo yakilinganishwa na aliyoyaweza jana. Usahaulifu wa uzeeni huingia kwa mwendo wa kinyonga, kwa miezi na miaka. Akili inayovurugika kwa saa au kwa siku chache, ikipanda na kushuka, ni dalili ya maradhi na inataka tabibu siku hiyo hiyo. Huenda ikawa ni maambukizi, ambayo kwa mzee huweza kuja bila homa. Huenda ikawa ni upungufu wa maji, kwani kiu hupungua umri ukisonga, na mzee hutokumbuka kunywa. Huenda ikawa ni choo kilichofunga, au dawa mpya, hasa zile za usingizi na baadhi ya dawa za mafua. Kwa hiyo anapopelekwa hospitali, apelekwe pamoja na dawa zake zote, hata zile alizopewa na jirani.

Mwaka 1963 tabibu wa Marekani aitwaye Sidney Katz na wenzake walichapisha kipimo ambacho wauguzi wanakitumia hadi leo. Huulizwa mambo 6: je, mzee anaoga mwenyewe, anavaa, anakwenda msalani, anainuka kitandani na kuhamia kitini, anaizuia haja, na anakula kwa mkono wake? Kila analolifanya bila msaada huhesabiwa alama 1. Mara nyingi kuoga ndiko hutangulia kumshinda, na kula ndiko hubaki mwisho. Mama mwenye nyumba hahitaji chombo chochote kujua haya, kwani yote yanapita mbele ya macho yake.

Nami naona sisi tuna kipimo kingine ambacho hujirudia mara 5 kila siku. Mtazame mzee wako katika ibada yake. Je, maji ya udhu anayafikisha miguuni? Anainuka vipi kutoka kwenye sijida? Ameanza lini kuswali kwa kukaa? Sharia imempa ruhusa hiyo, na hapana ubaya wowote. Lakini ruhusa ina sababu, nawe yakupasa uijue: ni goti, ni pumzi, au ni kizunguzungu? Anayepoteza hesabu ya rakaa ambayo mwezi uliopita hakuipoteza, jambo hilo liandikwe.

Kizunguzungu nakitaja makusudi, kwa sababu wazee wengi huanguka alfajiri wanapokurupuka kuwahi udhu. Shinikizo la damu huweza kushuka mtu anaposimama, hasa kwa anayetumia dawa za presha. Muuguzi hulipima mzee akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, daktari aambiwe. Nyumbani, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu, kabla hajasimama. Na taa ya ujia wa msalani isizimwe.

Lililobaki ni namna ya kuuliza. Mzee wetu wa Pwani ukimwuliza hali atakujibu "Alhamdulillah" hata akiwa na mbavu iliyovunjika. Basi muulize yaliyo dhahiri: umeamka mara ngapi usiku, na ulipoamka ulisumbuliwa na nini? Kaa mbele yake, akuone midomo, sema polepole bila kupiga kelele. Mambo ya haja yasiulizwe mbele ya wakwe na wajukuu. Mama aulizwe na mwanamke, faraghani. Mwenyezi Mungu ametukataza kumwambia mzazi hata neno dogo la kuchoshwa naye, na mzee hulisikia neno hilo hata katika sura ya anayembadilisha nguo.

Yule mjukuu sasa ana daftari. Juzi nilipomzuru shangazi nililifungua, nikakuta mstari wa siku ile: "Bibi ameswali Adhuhuri kwa kukaa. Asema goti la kushoto. Maji bilauri 5." Shangazi alininyang'anya, akaniuliza tangu lini masheikh wakasoma siri za wanawake, kisha akamwita mtoto aje aandike bilauri ya sita.